Kutembea Pate kwa miguu siku tano na kulala nyumba za watu: maoni yangu kuhusu mwongozaji tuliyeenda naye

Nimerudi kutoka Pate wiki ya pili sasa na kila siku naulizwa yaleyale, mlilala wapi, mlipita njia gani, kwani huko kuna hoteli? Bora niandike mara moja nyote msome. Haya ni maoni yangu kuhusu kaka mmoja wa Amu (Lamu) anayepeleka watu kwa miguu kisiwa cha Pate, kuanzia Mtangawanda, pale boti zinaposhusha watu, mpaka Faza, na kazi yake sio kuonyesha njia tu, anawatafutia watu pa kulala kila mji mnaofika. Jina na nambari yake siweki, alituomba nambari isitawanyike kwa watu asiowajua na mie naheshimu hilo. Ukishuka Amu ulizia pale gatini, boti zinapofunga, kwa manahodha wa boti za Pate, sema wamtaka yule anayetembeza watu kwa miguu, utapelekwa mpaka mlangoni kwake.

Tulikua watatu, mie, wifi yangu na mdogo wangu wa kiume. Sote wa Malindi na kutembea tumezoea, kila baada ya miezi michache twatoka mjini alfajiri twapita pwani pwani, Casuarina, Mayungu, mpaka Watamu tukila samaki wa kukaanga na kurudi na matatu magharibi. Lakini ile ni safari ya siku moja na lami haiko mbali, ukichoka wakata kushoto kulia wapata pikipiki, usiku walala kitandani kwako. Pate ni kitu kingine kabisa. Ni kisiwa, miji iko mbalimbali, katikati ni msitu na mikoko na mashamba ya minazi, na jua likikuchwea hujafika mahali huna pa kwenda.

Mwaka jana tulijaribu kuipanga wenyewe ikatushinda. Ramani ya simu yaonyesha kijinjia chembamba kutoka mji wa Pate kwenda Siyu afu katikati ya msitu kinapotea tu. Zile programu za kutafuta vyumba ukiandika Siyu zakuletea majumba ya kifahari ya Shela, ambayo iko kisiwa kingine, na bei ya usiku mmoja ni mshahara wa mtu. Tulipiga simu huku na huku, mmoja asema njooni tu, mwengine asema gesti ilikuako ikafungwa, mwengine hashiki. Tukaacha. Mwaka huu mume wangu akazungumza na jamaa zake wa Langoni, mtaa wa Amu, ndo tukaunganishwa na huyu kaka.

Sasa nawaambia kitu cha kwanza kilichonifanya nimuamini. Nilimpigia nkamwambia twataka kuja Jumamosi fulani, nikitarajia aniulize watu wangapi ama pesa ngapi. Akanyamaza kidogo akauliza, dada, hiyo Jumamosi mwezi uko vipi? Nikamwambia sijui. Akasema ntakwambia mie, utakua ndo kwanza umetimia, hiyo ni bamvua, maji makubwa ya mwezi, msije. Akanieleza polepole kama mwalimu. Boti za kwenda Pate zapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakiwa yamekupwa, lazima usubiri yajae. Siku za bamvua kwetu pwani hii maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ya alfajiri hamtaiwahi, ya jioni itawafikisha Mtangawanda giza laingia, na kutoka hapo mpaka mji wa Pate ni mwendo wa saa nzima kwenye kijia cha mikokoni. Njooni Alhamisi inayofuata, maji husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kufikia Alhamisi yatajaa saa tatu asubuhi na mtatembea mchana kweupe.

Mie nimezaliwa pwani, baba yangu alikua mvuvi, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu apanga kutembea kwa miguu kwa kutazama maji. Lakini ndo hivyo. Safari nzima ilifuata maji, saa ya kutoka, saa ya kuvuka, saa ya kupumzika, na hakuna mara hata moja tuliyokuta maji yametuzuia. Kwa hili peke yake pesa yake ni halali.

Safari ya Malindi Amu sitaeleza sana, basi la alfajiri, Garsen, Witu, Mokowe, kitambulisho mkononi manake njiani mwakaguliwa, afu boti mpaka mjini. Tulilala usiku mmoja Langoni kwa shemeji. Asubuhi ya Alhamisi tukapanda boti ya abiria, imejaa watu, magunia ya unga, godoro, trei za mayai na mbuzi mmoja. Twavuka Mkanda mikoko iko karibu pande zote mbili na maji yametulia kama ya kwenye sinia, nahodha amesimama nyuma atazama rangi ya maji. Karibu saa nne tuko Mtangawanda.

Kabla sijafika kwenye malazi niseme kuhusu mwendo wenyewe. Mtangawanda mpaka Pate ni saa moja, sisi tulichukua saa na nusu kwa sababu ya mabegi na wifi yangu kusimama kupiga picha. Pate mpaka Siyu ni kama kilomita 8. Siyu mpaka Faza kama kilomita 10. Kwa hesabu hiyo mtu atasema si kitu, kwa siku moja namaliza. Usijidanganye. Jua la kule halina huruma, mchanga mahali pengine ni laini mguu wazama, na njia za karibu na Pate zagawanyika kila hatua, moja yaenda shambani kwa mtu, moja yaenda kisimani, moja yaenda Siyu, na zote zafanana. Mara tatu mdogo wangu aliyekua mbele alishika ndia siyo na kila mara yule kaka amwita kwa Kiamu chake, ndoo, ndoo, ndia ni hini (njoo, njoo, njia ni hii). Siku hizi pikipiki ziko, zapita kwenye njia kubwa, na kama mtu ameumia yaweza kuitwa, lakini katikati ya msitu simu yangu ilikua haishiki kwa hiyo msizitegemee sana.

Basi tuje kwenye kulala, manake hapo ndo penye maneno.

Huyu kaka hafanyi buking. Hana karatasi, hana risiti, hana tovuti. Anachofanya ni kutuma salamu. Siku tatu kabla ya safari ameshapiga simu Pate, ameshapiga Siyu, ameshamwambia mtu wa boti ampelekee ujumbe mtu wa Faza, waja watu watatu kutoka Malindi, wanawake wawili na mwanamume mmoja, mmoja hali pweza (ndo mie), watafika siku fulani kabla ya adhuhuri. Mwanzo niliogopa, nikasema hii kweli? Nyumba ya mtu nisiyemjua, kwa neno la mdomo? Lakini tulipofika Pate, kwenye kichochoro chembamba cha kupita watu wawili wakibanana, watoto walikua wameshatumwa kututazamia na mmoja akakimbia mbele, na mwenye nyumba alikua amesimama dakani, ile sehemu ya mbele yenye viti vya mawe, kanga kichwani, asema mmekuya salama? Haya pitani ndani, jua kali hili. Chakula kilikua tayari. Hatukubisha hodi mlangoni kwa mtu asiyejua twaja. Na hapo nikaelewa huyu kaka auza kitu gani. Kitanda chapatikana popote, hata barazani mtu atakupa mkeka. Yeye akufanya uwe mgeni anayengojewa, na kwa watu wetu mgeni anayengojewa na mgeni aliyezuka tu sio kitu kimoja, hata mwenyeji mwenyewe wamuonea huruma ukimzukia na hana kitu jikoni.

Nyumba ya Pate ni ya zamani, kuta za mawe nene, ndani baridi kuliko hoteli yenye AC. Ukutani mna zidaka, vile vijidirisha visivyotoboka vya kuwekea vitu, mama ameweka Kur'ani, chupa ya halwaridi, na chaja ya simu. Umeme ni wa sola, watosha taa na simu. Vitanda vya kamba, shuka safi zanukia udi, chandarua kizima. Vitanda kwa mtu aliyezoea godoro la sponji vyaweza kumuuma mgongo usiku wa kwanza, wifi yangu alilalamika, mie nililala kama mtoto.

Choo chake nikieleze manake wengi mtauliza. Ni cha ndani, sakafu ya chokaa, na pembeni pana birika la maji la kujengwa, kina chake chafika kiunoni. Nikatia kata ya kifuu nichote maji nikaona kitu chatembea mle ndani. Nikainama na tochi. Visamaki, vidogo kama kidole cha mtoto, vinne ama vitano, vyazunguka polepole. Nikatoka nikamuuliza mama, akanambia hao ndo wanaokula viluwiluwi vya mbu, birika likikosa samaki mtaliwa na mbu nyote, uchote maji kwa juu juu tu usiwavuruge. Nikaoga hivyo, nachota juu juu, nao wameshuka chini kabisa wamekaa. Ni jambo la zamani kwenye nyumba za Amu na Pate lakini mie nilikua nimelisikia tu. Maji ya kuoga yana chumvi kidogo, sabuni haitoi povu vizuri, hilo mlijue. Maji matamu ni ya mvua, yahifadhiwa kwenye jabia, tangi la kujengwa, na watu wayatumia kwa hesabu. Kwa hiyo tafadhali, ukipewa kopo moja la maji ya kunywa usinawie uso. Nimeona vijana wageni wa Nairobi pale gatini wakisuuza miguu kwa maji ya chupa na roho iliniuma.

Jioni mama alipika mofa, mikate ya tanuri. Tulikaa naye jikoni sisi wawili, mdogo wangu amekwenda msikitini na yule kaka. Mama alowesha kiganja, achukua donge la unga, alipiga ubavuni mwa ile tanuri ya udongo ndani kabisa, mkono waingia na kutoka haraka moto usimpate, donge lashika pale laanza kuiva na harufu yatoka. Tukala na samaki wa kupaka. Sijala kitu kitamu hivyo mwaka huu, nasema kweli.

Ijumaa hatukutoka asubuhi. Mtu wa mjini angeona ni kupoteza siku lakini sababu ilikua mbili, kwanza wanaume waswali Ijumaa pale pale, pili kuna hori, mkono wa bahari, la kuvuka kabla ya Siyu na maji yangekua yamejaa asubuhi. Asubuhi akatutembeza magofu ya Pate, mji wa watawala wa zamani wa ukoo wa Nabahani, sasa ndani ya kuta zilizobomoka watu wamepanda tumbako. Wasimama kwenye chumba cha mtu wa miaka mia kadhaa iliyopita na miguuni pako majani ya tumbako mapana yameota kwa mstari, mama mmoja ayapalilia. Saa tisa jua limeanza kulegea tukaondoka, mabegi yamepandishwa punda (shilingi 500, nawashauri msikatae), tukafika horini maji yamekupwa, tukavuka viatu mkononi matope mpaka kwenye kifundo. Kabla ya magharibi tuko Siyu.

Siyu ndo mji nilioupenda zaidi na ningeambiwa nirudi mahali pamoja tu ningerudi hapo. Ngome yake iko pembeni mwa hori, mikoko mbele yake, na ukijua historia yake yakutia moyo, miaka ya 1840 watu wa Siyu waliyapiga majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar wakayarudisha, Bwana Mataka akiwaongoza. Mji mdogo huu. Yule kaka aeleza vizuri, haongezi chumvi, akiulizwa asichojua asema sijui tumuulize mzee, na twenda kweli tukamuuliza mzee barazani.

Tulilala usiku mbili kwa fundi wa ngozi na mkewe. Siyu yajulikana tangu zamani kwa kazi ya ngozi, makubadhi (viatu vya ngozi), mikanda. Na mie raba zangu zilikua zimechanika ubavuni kule mikokoni, nimezifunga kwa kamba. Yule mzee alizitazama hakusema neno, akazichukua akakaa chini mlangoni kwenye mwanga, akakata kipande cha ngozi kwa kisu, akakilowesha, akakitoboa kwa msharasi tundu baada ya tundu, zote nafasi sawa bila kupima, akapitisha uzi huku na huku akiubana kwa meno. Kama dakika 40. Nikatoa pesa akakataa, asema wee uko kwangu. Nikamuuliza basi waniuzia makubadhi, akacheka akasema hayo ndo biashara. Nikanunua jozi mbili, moja ya mume wangu. Kile kiraka kiko mpaka leo, raba zitakufa zenyewe kiraka kibaki.

Jumamosi tukaenda Shanga kwenda na kurudi. Hapa ndo lawama yangu ya kwanza. Shanga ni pahala pakubwa kwa historia yetu, miaka ya 1980 waakiolojia akina Mark Horton walichimba chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wakakuta misikiti mengine chini yake, mmoja juu ya mwengine, ya mwanzo kabisa ni ya miti na udongo, ya karne ya 8. Yaani Uislamu ulikua umeshafika pwani hii zamani hizo. Mji ukahamwa karne ya 15. Wafika pale kimya, kuta, kaburi la mnara, mibuyu, ndege. Mdogo wangu ambaye huwa hakai kimya dakika moja alikaa kwenye kivuli cha ukuta nusu saa hasemi. Kwa hiyo pahala penyewe siwezi kupatia kosa. Kosa ni maji. Yule kaka alisema chupa moja ya lita moja na nusu kila mtu yatosha, na haikutosha, kufika njia ya kurudi saa tano wifi yangu amemaliza, kichwa chamgonga, midomo imekauka. Tulikaa chini ya mnazi mpaka tukapata mtu wa shamba akatuangulia madafu. Ilimalizika salama na yeye mwenyewe alikiri alikosea, alihesabu kama atembea na watu wa pale waliozoea. Lakini nasema hapa ili mjue, bebeni lita tatu kila mtu hata akiwaambia moja. Na mwambieni atembee pole. Akitembea na wanaume asahau, wafika mbele mita 100 na nyie nyuma na mabuibui mwapanda mchanga. Nilimwambia siku ya pili akajirekebisha, siku ya nne akasahau tena.

Jumapili Siyu mpaka Faza, tulitoka baada ya alfajiri, njia yake ni wazi mpaka ule uwanja wa ndege usiotumika, baadaye yaingia mashambani. Rahisi kuliko zote. Saa mbili na nusu tuko Faza twanywa chai.

Faza kulikua na mambo. Mdogo wangu kabla hatujatoka Malindi alikua amepata nambari ya gesti moja hapo, akasema usiku wa mwisho yeye ataka feni na chumba chake mwenyewe, akatuma shilingi 1,000 kwa M-Pesa kushikiliwa vyumba viwili. Alimwambia yule kaka, kaka akasema sawa, hakubisha. Tulipofika tukaambiwa kuna harusi, wageni wa harusi wameshachukua vyumba vyote. Pesa tutarudishiwa. Mpaka leo naandika haijarudi, kila akipiga ni kesho. Sitaitaja kwa jina, ila mjifunze, msitume pesa mbele kwa gesti msiyoijua hata kama mwenye simu ni mkarimu kiasi gani.

Sasa tumesimama barabarani, mabegi chini, jua limepanda, mdogo wangu kanuna. Yule kaka hakusema niliwaambia. Akatoa simu akapiga maneno mawili matatu, afu akasema twendeni. Kumbe tangu Amu alikua ameshamwambia shangazi yake wa Faza awe tayari, asema nilimwambia wakija karibu, wasipokuja chakula watakula watoto. Nyumba ya mabati na matofali, sio ya zamani, vyumba viwili safi kabisa, na feni ilikuako! Chakula cha mchana wali wa nazi na kamba. Hilo ndo nalolipa nyota, huyu mtu anajua watu wanavyopanga na mambo yanavyoharibika, na alijitayarisha kwa ajili yetu bila kutwambia na bila kututoza kitu zaidi ya bei ileile ya nyumba nyengine.

Kidogo kuhusu wanawake, manake nimeulizwa na dada wawili watatu. Kila nyumba aliyotupeleka ilikua na mama wa nyumba, hakuna hata moja ya wanaume watupu, na sisi wawili tulikua na chumba chetu chenye komeo kwa ndani. Mdogo wangu mara mbili alilala barazani na yule kaka. Mama wa Pate alituambia yeye huuliza kwanza, kuna mwanamke miongoni mwao, na akisikia ni wanaume peke yao asema wapeleke kwa fulani. Nilijisikia salama mwanzo mpaka mwisho. Vaeni stara, na msipige picha za watu bila kuuliza, wifi yangu aliuliza kila mara na aliruhusiwa kila mara isipokua mara moja.

Bei. Yeye mwenyewe shilingi 3,000 kwa siku kwa kikundi kizima, siku tano 15,000. Nyumba 1,500 kwa mtu kwa usiku pamoja na chakula cha usiku na cha asubuhi, usiku nne kwa watu watatu ni 18,000. Jumla 33,000, yaani 11,000 kila mtu, nauli za boti na punda mbali. Mie naona ni haki.

Lakini hapa kuna lawama yangu ya pili na hii nimemwambia usoni. Pesa zote wampa yeye, yeye ndo awalipa wenye nyumba. Na sisi hatukujua mama wa Pate apata ngapi katika ile 1,500. Tumekula chakula chake, ametuandalia maji yake ya mvua, na siwezi kumuuliza jikoni wee walipwa ngapi, ni aibu. Lilinikaa rohoni usiku mbili. Siyu nikamuita yule kaka pembeni nikamuuliza, akasema 1,200 zaenda kwa nyumba, 300 ni zake za simu na kupanga. Hakukasirika. Nimeridhika na jibu, naona ni sawa kabisa, ila nataka aliseme mwanzo kabla mtu hajatoa pesa, kwa sababu mwengine hatauliza ataondoka na shaka moyoni juu ya mtu muaminifu. Aliahidi atafanya hivyo. Mkienda muulizeni.

Tuliagana naye Jumatatu Faza, boti ya saa tano, maji yameanza kujaa. Yeye alibaki, asema kuna wazee wawili wa Kimalindi pia waja wiki inayofuata ataka kuongea na watu wa Siyu. Wakati twapita Mkanda simu yangu ikapata laini ikalia, nambari siijui, nikapokea. Mama wa Pate. Auliza tumefika wapi, na kama wifi yangu kichwa kimepoa, kumbe habari ya Shanga ilimfikia.

Mwezi wa Disemba kaskazi ikiingia twarudi, safari hii na mume wangu, Siyu usiku tatu badala ya mbili. Nimeshampigia, na ameshaniuliza mwezi uko vipi.